Mshika Mipini ya Mbele

Siku chache baada ya theluji ya kwanza ya mwaka juzi, nilimkuta mume wangu Romed akishuka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume. Alishika ubao wa pembeni kwa mikono miwili, akatanguliza kisigino, akatua, akapumua, ndipo akashusha mguu wa pili. Nilipomuuliza anafanya nini, akaniambia anakagua ukuta kama una nyufa. Ukuta ule ulijengwa na babu yake kwa mawe ya mtoni, na tangu siku hiyo hakuna aliyeukagua. Ukweli ni kwamba mapaja yalikuwa yamemgomea. Juzi yake alikuwa ameteleza kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, kutwa nzima kwa mara ya kwanza msimu ule, na maumivu ya namna ile hayaji siku ileile. Yanakuacha ulale mara mbili, kisha yanabisha hodi.

Hapa Hinterlahn, huku juu milimani Tirol, mtu mzima hakubali kwamba mwanzo wa msimu unamuumiza miguu. Hayo ni mambo ya wageni wanaofika na mabasi kutoka Vienna, waliokaa ofisini mwaka mzima. Sisi tunasema tumezaliwa na ski miguuni, na wanaolisema kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao magoti yao yanalia. Romed alikuwa bingwa wa kulisema. Utotoni alikwenda shule kwa mbao mbili alizochongewa na baba yake, akifika anazikita kwenye theluji mlangoni pamoja na za wenzake.

Lakini mimi nimeishi naye karibu miaka arobaini, na najua kilichomjenga miguu. Si ski. Ni fyekeo. Malisho yetu yalikuwa juu ya nyumba, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiangusha tufaha utaliokota kwa jirani. Kila kiangazi Romed aliyakata yote kwa mkono, viatuni amefunga vyuma vyenye meno, goti la upande wa juu limekunjwa, mguu wa chini unabeba mwili wote. Nyasi zikikauka tulizifunga kwenye mashuka makubwa, akajitwika kichwani na kushuka nazo mpaka ghalani. Tangu Juni hadi Septemba mtu anashuka mlima na mzigo. Desemba ikifika, kuteleza kwake ni mapumziko. Hakuwahi kufikiri kwamba yale yalikuwa mazoezi. Alidhani anakata nyasi.

Kisha tukauza ng'ombe. Mwanetu Kassian anafanya kazi bondeni na hataki kusikia habari za zizi, nasi umri umekwenda. Malisho tukampa jirani, ambaye ana mashine inayotambaa mteremkoni na kumaliza kila kitu kabla ya kahawa ya saa nne. Kiangazi kile cha kwanza Romed alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba akiitazama mashine. Alikula vizuri, alilala vizuri, na suruali zake za kazi zikawa pana mapajani. Nilimwambia. Akasema zimelegea kwa kufuliwa.

Kilichomuuma kuliko mapaja kilikuwa machela. Romed ni mtu wa kikosi cha uokoaji tangu ujana wake, kazi ya kujitolea ambayo hapa hupewa heshima kuliko uenyekiti wa kijiji. Mtu akivunjika mahali ambapo gari la waya, lile linaloning'inia na kupandisha watu mlimani, halifiki, hushushwa kwenye machela ya bati yenye umbo la mtumbwi, mipini miwili mbele, miwili nyuma, na waokoaji wawili juu ya ski. Wa mbele ndiye anayebeba uzito na kuongoza njia, na mapaja yake ndiyo breki. Wa nyuma anashikilia, na kazi yake nyingine ni kuongea na mgonjwa, asije akashikwa na hofu au usingizi. Romed ameshika mipini ya mbele miaka yote. Nyuma alikuwa rafiki yake Ferdl, mtu asiyejua kunyamaza hata kanisani. Kila mmoja alikuwa mahali pake.

Ndivyo nilivyompata mume. Mimi ni wa bonde jingine, nilikuja hapa msichana kuhudumu kwenye nyumba ya wapanda milima. Siku ya kwanza ya msimu nikajitia kuteleza tangu lifti za mlimani zinafunguliwa mpaka zinafungwa, na katika mteremko wa mwisho, miguu ikiwa haisikii tena la mwenyewe, nikavunja goti. Nililazwa kwenye machela, uso juu, miguu ikielekea bondeni. Nyuma ya kichwa changu Ferdl alinichekesha mpaka nikasahau goti. Mbele niliona mgongo mpana kwenye koti jekundu, na haukugeuka hata mara moja. Nikamuuliza Ferdl, "Huyo wa mbele ni bubu?" Akasema, "Bubu kabisa, dada. Lakini tulia, hajawahi kumwangusha mtu." Mwaka uliofuata niliolewa na ule mgongo, na kusema kweli, kwa miaka mingi mgongo ndio niliokuwa nikiishi nao.

Sasa, kila Desemba, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, kikosi hupimwa: kushusha machela kutoka kituo cha juu mpaka kwenye maegesho ya magari. Mwaka ule wa ngazi, Romed alifika pale tunapopaita Shingoni, njia inapobana katikati ya miamba, mapaja yakamtetemeka na kumwacha. Alianguka, na machela ikamburuta. Ndani kulikuwa na magunia ya mchanga tu, namshukuru Mungu. Mkuu wa kikosi siku hizi ni Kathrin, binti wa Ferdl, aliyechukua mipini ya nyuma baba yake alipoharibikiwa na nyonga. Romed ndiye baba yake wa ubatizo. Jioni ile Kathrin alikuja jikoni kwetu, akavua kofia, hakukaa.

"Baba Romed," akasema, "nitasema mara moja tu, kwa sababu hata mimi sipendi kulisema. Desemba ijayo tunapima tena. Usipoweza kuifikisha, mbele hushiki tena. Utakaa kwenye redio."

"Redio," Romed akasema.

"Kuna joto kule. Na kahawa ipo."

"Hiyo kahawa mpe baba yako."

"Ameshapewa. Anaongea mpaka betri inaisha."

Nilicheka peke yangu. Romed alikuwa akitazama viganja vyake. Kathrin alipoondoka nilimwuliza Romed kwa nini asimwombe ahamie nyuma, maana nyuma mzigo ni mwepesi kidogo. "Mbele najua ninachofanya," akasema. "Nyuma ningesema nini?"

Septemba ilipofika, nilimwambia twende kwa Notburga. Notburga alikuwa tarishi wetu, alipeleka barua kwa miguu kwenye kila nyumba ya mlima huu mpaka alipostaafu. Vuli yote, kila Jumanne jioni, yeye huongoza mazoezi ya ski kwenye ukumbi wa shule, na redio yake ya kaseti na filimbi shingoni. Kila kijiji huku kina mazoezi kama hayo, na kila kijiji wanaume husema ni ya wanawake. Romed alikataa. Sikumbembeleza. Nilichukua ile suruali yake iliyopwaya nikaitandaza kwenye kiti chake cha kulia chakula, na Jumanne iliyofuata akavaa viatu.

"Romed, umepotea njia?" mwanamke mmoja akamwuliza mlangoni. "Baa iko ng'ambo ya barabara."

"Nimemsindikiza Zita," akasema, akininyooshea kidole.

"Basi msindikize mpaka ukutani," Notburga akasema. "Migongo ukutani, nyote. Kaeni kama mmekalia kiti. Kiti chenyewe hakipo."

Tukakaa hewani. Wanawake waliinuka mmoja mmoja wakijisugua mapaja, lakini Romed aling'ang'ania, shingo nyekundu, macho kwenye saa ya ukutani. Tuliporuka kamba upande huu na upande ule, alipitiliza. Tulipochuchumaa na kuinuka, alifanya ya kwake na ya jirani yake.

"Romed, hapa hatutoi zawadi," Notburga akamwambia.

"Mimi bado niko sawa."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini halazimiki kuhamia huko."

Wanawake wakaangua kicheko, naye akaongeza kasi. Alhamisi asubuhi alikuwa akikagua ukuta tena.

Akaapa hatarudi. Akasema yale ni michezo ya watoto, na kwamba miguu ya mtu wa mlimani hutengenezwa mlimani. Akalitoa fyekeo lake ghalani, akalinoa, akafunga vyuma vya meno, akapanda malishoni. Mimi nilikuwa dirishani nikikanda madonge ya mkate. Mashine ya jirani ilikuwa imeshapita wiki ile, mteremko wote ulikuwa umenyolewa. Romed akasimama kwenye pembe aliyokuwa akianzia siku zote, akakunja goti la juu, akaanza kufyeka nyasi zilizokwisha kukatwa. Makali yalipita juu ya visiki vya majani bila kukuta kitu, na yeye akaendelea, mstari baada ya mstari, kwa mwendo uleule wa zamani. Nilimhurumia, na huruma ile ilinikasirisha, kwa sababu hakuna mke anayependa kumhurumia mumewe kupitia dirisha.

Notburga akatokea njiani, maana bado hutembea njia zake za barua bila barua. Nikatoka, akasimama nami mlangoni.

"Anafyeka nini?"

"Sijui. Labda hewa."

Akapanda mpaka aliko, nami nikamfuata na mikono yangu yenye unga.

"Romed, nyasi zimeshakatwa," akasema.

"Naona."

"Sasa unatafuta nini hapa?"

Akaliegemea fyekeo. Alikuwa akihema na jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mzee. "Natafuta miguu yangu," akasema.

"Ile imekwenda na ng'ombe," Notburga akamjibu, bila ukali. "Keti hapa, tutafute mingine."

Wakaketi kwenye jiwe. Alimweleza mambo ambayo sisi wote tunayajua na hatuyafanyi. Kwamba kupanda kunamaliza pumzi, ila kinachoumiza mapaja ni kushuka, kwa hiyo ajizoeze kushuka. Kwamba mwili haukumbuki ulichofanya miaka ya nyuma, unakumbuka ulichofanya mwezi huu. Aanze kidogo kiasi cha kuona aibu, apumzike, aongeze kidogo. Maumivu yakija asijilaze kama mgonjwa, atembee taratibu mpaka damu izunguke. Kisha akamshika goti kama mtu anayeshika meza anapotaka kusikilizwa.

"Na la mwisho. Watu hawavunjiki mteremko wa kwanza. Huvunjika ule wanaosema, 'mmoja tu, halafu nyumbani.' Ukiona miguu imebakiza nguvu ya mara moja, hiyo moja usiitumie. Nenda nayo nyumbani."

"Na kama sijafika?"

"Basi hujafika."

Tangu siku hiyo Romed alipanda juu kwa gari la waya na kushuka kwa miguu, na lile shuka kubwa la nyasi kichwani. Mara za kwanza nilimfungia nyasi chache tu, ukilitazama ni kama kilemba. Baadaye nikaongeza, na Oktoba ilipofika nikawa nazinyunyizia maji ziwe nzito. Wageni kwenye gari la waya walimpiga picha. Wanakijiji walimwuliza kama ng'ombe wake wamehamia bondeni, naye akajibu kwamba ndiyo, na wanawasalimu sana ndugu zao. Jumanne alikaa ukutani na wanawake, na Notburga akisema inuka, aliinuka. Asubuhi alipiga mswaki amesimama kwa mguu mmoja, amefumba macho, na siku moja akaangukia ndani ya beseni la kuogea, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Bandu bandu huisha gogo. Sikukuu ya Watakatifu Wote, tulipokwenda makaburini, alichuchumaa kuwasha mshumaa wa baba yake, akaongea naye moyoni muda mrefu, kisha akainuka bila kushika jiwe. Niligeuka upande mwingine asione kwamba nimeona.

Ikaja siku ya kupimwa. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile ikaganda, na juu yake theluji changa kidogo, ya kuficha barafu tu. Kathrin hakutaka magunia safari hii. Alitaka mgonjwa anayepumua.

"Mama Zita," akaniambia, "tunahitaji mtu wa uzito wa wastani."

"Wastani wa nani?"

"Wa hapa kijijini."

"Hapo umejiokoa," nikasema, nikapanda ndani.

Wakanifunika blanketi, wakanifunga mikanda mpaka mikono ikabanwa. Kathrin akashika mipini iliyo nyuma ya kichwa changu. Mbele yangu ukasimama ule mgongo, koti jekundu jipya, mabega yaleyale. Tukaanza kushuka. Bati la machela husema kila kitu, ukilala juu yake unasikia miguu ya anayekubeba kama unavyosikia moyo wa mtu uliyelalia kifua chake. Miguu ya Romed ilikuwa imara. Tulifika Shingoni, akainama kidogo, akapita katikati ya miamba pale alipoanguka, wala machela haikuyumba.

"Safi, Baba," Kathrin akasema.

Baada ya hapo ni mteremko mrefu wa barafu mpaka chini. Tulikuwa tumeshaona maegesho, watu na birika la chai, Ferdl na redio yake, nilipousikia mtetemo. Ulikuwa mdogo, ukitokea kwenye mipini na kuingia mgongoni kwangu. Mtetemo ule naujua, ulikuwa kwenye miguu yangu siku niliyovunja goti. Ningeweza kusema kitu. Sikusema, kwa sababu nilitaka afike. Nilitaka kuliko kitu chochote, na nilikuwa nikisali kwa meno yaliyobana.

Romed akageuza ski zake, akasimama.

Hajawahi kusimama njiani. Tuliona mgongo wake tu, pumzi zikitoka kama moshi wa jiko, na chini kule watu wakageuka kututazama.

"Baba, kuna nini?" Kathrin akauliza.

"Imebaki moja."

"Moja nini?"

"Njoo mbele, Kathrin."

"Baba, ni hapo tu. Unapaona." Akashusha sauti. "Ukiiachia hapa, unajua nitalazimika kusema nini."

"Najua," Romed akasema. "Ndani kuna mtu."

Wakabadilishana, mmoja akiishikilia machela kwa kamba wakati mwenzake anapita. Alipopita ubavuni mwangu hakunitazama, na ndevu zake zilikuwa zimeganda. Kisha tukaanza tena, Kathrin mbele, na nilipoinua macho niliona uso wa mume wangu juu yangu, umepinduka, kidevu kikiwa mahali pa paji. Tukashuka kimya.

"Baba," Kathrin akasema bila kugeuka, "wa nyuma huongea."

Romed akakohoa. "Unasikia baridi?"

"Kidogo."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote. Mimi ni mgonjwa wa uongo."

"Vizuri," akasema, akanyamaza, nami nikajua yamekwisha. Lakini baada ya kona akaanza tena, polepole. "Siku ile uliyouliza kama mimi ni bubu. Nilikusikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia yote. Ulivyokuwa unacheka na Ferdl. Nilitaka nigeuke nikuone. Njia nzima nilitaka. Lakini wa mbele hageuki, Zita. Akigeuka mnaanguka wote."

Mikono yangu ilikuwa imefungwa, sikuweza kujifuta. Machozi yalitelemka yakaniingia masikioni, yakawa baridi humo.

Kathrin alisema alilolazimika kusema, mbele ya kikosi kizima. Mbele, hapana. Nyuma nafasi ipo, na aliyeishusha machela kutoka pale mpaka hapa bila kuangusha anaistahili. Ferdl akamshika Romed bega akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, kisha akaendelea kusema mengine mengi mpaka chai ikapoa. Romed alikunywa ya kwake bila neno. Nilidhani ametumia maneno yake yote ya mwaka.

Siku mbili baadaye, siku ile ambayo maumivu hubisha hodi, niliamka mapema nikawasha jiko na kukaa nikisikiliza ngazi. Mlango wa juu ukafunguka. Hatua zikaanza kushuka, moja ikiifuata nyingine, hazikusita, na ubao wa pembeni haukulia kwa kushikwa. Alikuwa anashuka uso mbele. Na alikuwa anaongea tangu ngazi ya juu kabisa, hata kabla hajajua kama nipo.

"Zita, nimewaza. Mgonjwa akiwa mgeni, ametoka Vienna huko, hamjui mtu yeyote hapa. Unaanza na nini?"

"Mwambie jina lako kwanza," nikasema.

Akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akavuta pumzi.

"Mimi naitwa Romed," akasema, akinitazama, kama mtu ambaye bado hatujafahamiana naye.